Mpango Uanzie Jikoni: Safari za Miguu za Kulala kwa Wenyeji, Kianjai hadi Nyambene

Hoja ya mada hii ni moja. Tunapopanga safari ya miguu ya siku kadhaa kutoka hapa Kianjai kwenda vilima vya Nyambene, la kwanza kuamuliwa liwe nani atapika na mgeni atalala kwa nani. Njia ichorwe baadaye. Tumezoea kinyume chake. Unatafutwa mlima, yanatafutwa maporomoko ya maji, inatafutwa mandhari ya kupigia picha, kisha kampuni ya mjini inaleta hema, mpishi, gesi, mkate na hata maji ya chupa. Mgeni hupita katikati ya mashamba yetu siku tatu na kuondoka bila kununua yai moja.

Ushahidi uko karibu, Mlima Kenya. Hifadhi yake ilitangazwa mwaka 1949, na mwaka 1997 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa njia ya Sirimon, mgeni anaweza kulala ndani ya nyumba, chini ya paa: Old Moses, takriban mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, kisha Shipton, takriban mita 4,200, kabla ya kupanda kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Lakini chakula hupanda mgongoni mwa mpagazi kutoka chini, tena mara nyingi kimenunuliwa dukani kabla ya safari kuanza. Kilimanjaro ni vivyo hivyo. Njia ya Marangu ina vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo ambavyo ni mali ya hifadhi, na kila kundi huja na mpishi wake na sufuria zake. Kwa hiyo paa peke yake halibakizi fedha kijijini. Milimani juu hakuna wakulima, na sina lawama kwa hilo. Ndivyo hifadhi ilivyo. Kosa ni kuuchukua mpango huo wa mahali pasipo watu na kuuleta hapa kwetu Tigania, ambako kila baada ya hatua chache kuna boma, ng'ombe wa maziwa na migomba.

Mfano unaotufaa uko mbali zaidi, kwenye mabonde ya Himalaya nchini Nepal. Huko, katika njia za Annapurna, Langtang na Khumbu, mgeni hulala katika nyumba za wenyeji zinazojulikana kama nyumba za chai. Kitanda hutolewa kwa bei ndogo sana, wakati mwingine karibu bure, kwa makubaliano kwamba mgeni atakula jioni na asubuhi palepale alipolala. Faida iko kwenye wali, dengu na chai. Kamati za wenye nyumba hukubaliana bei za vyakula, na sahani ya chakula hupanda bei kadiri kijiji kinavyokuwa mbali na barabara, kwa sababu unga na mafuta hufika huko kwa mgongo wa mtu au nyumbu. Mpagazi naye hupata nafuu, maana habebi hema, meza wala gunia la viazi. Mradi wa uhifadhi wa Annapurna ulioanzishwa mwaka 1986 ulikumbana mapema na tatizo tutakaloliona sisi pia: wageni wengi, kuni nyingi, msitu unaisha. Katika sehemu za juu za eneo hilo kuni zilipigwa marufuku na majiko yakahamia mafuta ya taa na gesi. Funzo jingine lilikuja kwa uchungu. Tetemeko la ardhi la tarehe 25 Aprili 2015 liliangusha barafu na mawe juu ya kijiji cha Langtang, kikafukiwa pamoja na wenyeji na wageni waliokuwa humo. Nyumba ya kulaza watu huchaguliwa kwa usalama wa ardhi iliyoshikilia msingi wake kabla ya uzuri wa mandhari yake, na sisi tunaoishi kwenye miteremko inayolowa hadi kuporomoka tusisubiri kufundishwa hilo upya.

Tuchukue sasa safari ya usiku tatu. Wageni wanaanzia Nchiru, yalipo makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke, wakisikiliza yale ambayo wazee wenyewe wameridhia yasimuliwe, mahali ambapo wazee wameridhia pafikiwe. Usiku wa kwanza wanalala Kianjai, wa pili Muthara, wa tatu upande wa mashamba ya chai ya Michimikuru, kisha wanateremkia Maua. Mahali njia inapogusa msitu wa Nyambene, idhini ya Huduma ya Misitu itafutwe mapema na chama cha jamii cha msitu kihusishwe. Wageni wakiwa wanane, hivyo ni vitanda 24 vya usiku, sahani 24 za jioni, vifungua kinywa 24, na vyakula vya mchana vya kufungwa. Orodha hiyo ndiyo mpango wenyewe. Inaonyesha kilo za maharagwe, lita za maziwa, mashuka, na nani avipeleke wapi siku gani. Mizigo mikubwa ibebwe na bodaboda kwa barabara ya murram, mgeni atembee na mfuko mdogo. Kilimanjaro kanuni inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi. Sisi hatuna sababu ya kumbebesha mtu mzigo wa namna hiyo.

Kalenda nayo itoke jikoni. Kwetu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, na za Machi hadi Mei hufuata. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri ya kutembea. Julai na Agosti njia ni kavu kiasi lakini ukungu na baridi hukaa juu. Halafu kuna saa za siku. Katika nyumba ya mchuma miraa kazi huanza alfajiri, kwa kuwa vitawi hukatwa mapema, hupangwa, hufungwa kwa majani ya mgomba visikauke, na gari halingoji. Mama anayesimamia kazi hiyo hawezi wakati huohuo kumwandalia mgeni chapati. Basi nyumba hiyo ipokee wageni kwa chakula cha jioni na kulala, chai ya asubuhi iwekwe kwenye chupa tangu mapema, na kifungua kinywa kamili kipikwe na jirani asiye na miraa. Mpanga safari aliyeko Nairobi hawezi kuliona jambo hili kwenye ramani.

Kuna wanaosema Nyambene si Himalaya, na mtalii anataka theluji. Ni kweli kwamba anayetaka barafu ataenda Mlima Kenya. Lakini urefu wa mlima huo una gharama yake. Juu ya mita 3,000 madaktari hushauri mtu asiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na safari nyingi za haraka kwenda Lenana zinakiuka ushauri huo, ndiyo maana watu wengi huumwa na kichwa na kutapika. Vilima vyetu havifiki huko. Mwanafunzi wa shule, mzazi wake, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na vikundi vya matembezi vya Nairobi ambavyo vimekua sana, wote wanaweza kutembea hapa. Mteja wetu wa kwanza ni Mkenya.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: nyumba zetu haziko tayari. Hakika nyingi haziko. Ila zinachohitaji si vigae. Zinahitaji choo safi chenye mlango unaofungika, maji ya kunawa, maji ya kunywa yaliyochemshwa, kitanda kikavu na taa. Usajili upitie Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya 2011, na kwa kuwa wafugaji wengi hapa hufungia ng'ombe zizini, gesi ya samadi ianze mapema ili tusiulishe msitu kwenye mafiga.

La tatu ni haki, na ndilo linalonikosesha raha zaidi. Nepal yenyewe inaonyesha kwamba nyumba zilizo kando ya njia hutajirika huku kijiji cha bonde la jirani kikibaki vilevile. Tukiacha soko liamue, mwenye nyumba ya mawe kando ya lami atachukua wote. Napendekeza wageni wapangwe kwa zamu na chama cha wenyeji, daftari liwe wazi kwa kila mwanachama, na mboga, mayai na maziwa yanunuliwe kwa makusudi kutoka maboma yaliyo mbali na njia. Zamu itawaudhi wenye nyumba bora. Lakini bila zamu, majirani hawatakuwa na sababu ya kuilinda njia wala mgeni.

Swali la mwisho ni la kiongozi wa njia, kama anahitajika mahali penye watu tele. Nepal iliagiza mwaka 2023 kwamba wageni wasitembee peke yao bila kiongozi, ingawa Khumbu waliipinga amri hiyo. Kwetu kiongozi anahitajika kwa kuwa anajua ni boma lipi lina msiba wiki hiyo, mto upi umefurika, na ndovu wa msitu wa Imenti wamepita wapi. Anajua pia kwamba nyanda za chini kuelekea Isiolo, ambako wizi wa mifugo umewatesa watu wa Tigania kwa miaka mingi, hazimo katika safari hii. Awe na simu za hospitali ya Maua na ya Meru, na pikipiki iliyolipwa mapema ikingoja.

Tunahitaji kuanza mapema, na haraka hiyo inatokana na miraa. Uholanzi iliifungia mlango mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, Somalia ikasimamisha kuipokea mwaka 2020 hadi 2022, na kila mara familia za Tigania na Igembe ziliamka asubuhi zikiwa na zao lisilo na mnunuzi. Vitanda vinane vya wageni haviwezi kuziba pengo hilo. Vinaweza kulipa karo ya muhula mmoja katika boma moja na kununua maziwa ya boma jingine. Chama kikianza na nyumba sita, mbili kila kituo, kabla ya Januari, hesabu yake itapatikana kwenye daftari kufikia mvua za Machi.