Vipokezi vya Adrenalini na Dawa Zinazoviamsha: Mambo ya Kuzingatia kwa Mtoa Huduma



Adrenalini hubana mishipa ya damu ya ngozi, na papo hapo hupanua mirija ya hewa. Kichocheo kimoja kinawezaje kubana huku na kulegeza kule? Swali hilo lilisumbua watafiti hadi mwaka 1948, Mmarekani Raymond Ahlquist alipopendekeza kwamba seli zina vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliikataa. James Black aliishika fikra hiyo akatengeneza propranololi, dawa inayoziba vipokezi vya beta, na mwaka 1988 akapata Tuzo ya Nobel.

Kwa kazi yetu yatosha kukumbuka vipokezi vitatu. Alfa-1 hubana mishipa ya damu na kupanua mboni ya jicho. Beta-1 huongeza kasi na nguvu ya moyo. Beta-2 hulegeza mirija ya hewa na mfuko wa uzazi. Noradrenalini huelemea alfa, salbutamoli huelemea beta-2, na adrenalini hugusa vyote. Ndiyo maana katika mzio mkali hakuna dawa nyingine inayoishika nafasi yake: alfa hupandisha presha iliyoporomoka na kupunguza uvimbe wa koo, beta-1 huusukuma moyo, beta-2 hufungua kifua.

Hapa ndipo naomba tukae kidogo. Mgonjwa wa mzio mkali mara nyingi huanzishiwa haidrokotisoni na dawa ya kuzuia mzio, adrenalini ikisubiri "hali ikizidi". Huo ni mpangilio wa kichwa chini miguu juu. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na dawa ya mzio haipandishi presha. Mtu mzima apewe miligramu 0.5 za adrenalini, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1:1,000, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na irudiwe baada ya dakika 5 ikiwa hajapata nafuu. Hofu ya wengi inatokana na sindano ya mshipani, na hofu hiyo ina msingi, kwani kipimo hichohicho kikisukumwa mshipani kwa mtu ambaye moyo wake unapiga kinaweza kuuvuruga moyo na kupandisha presha kupita kiasi. Kwenye paja, hatari hiyo ni ndogo mno kulinganisha na ya kuchelewa.

Salbutamoli nayo huivuka mipaka yake. Ikizidi, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio na potasiamu ya damu hushuka. Na kabla ya kumwandikia mtu propranololi kwa ajili ya kipandauso, mwulize kama ana pumu; dawa hiyo huziba beta-2 pia, na inaweza kumfunga kifua.

Kuna pia dawa zinazoamsha mfumo huu ambazo mgonjwa hazihesabu kuwa dawa. Matone ya pua yenye zailometazolini hubana mishipa ya pua, lakini yakitumiwa zaidi ya wiki moja pua huziba upya, tena vibaya zaidi. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini hupandisha presha. Halafu kuna mirungi, au miraa kama wanavyoiita Meru. Kemikali yake kuu, kathinoni, hufanya miisho ya neva imwage noradrenalini. Huharibika upesi majani yakikauka, ndiyo sababu wauzaji huyafunga kwenye majani ya mgomba na kuyakimbiza sokoni. Kwa kuwa Tanzania mirungi ni haramu, mgonjwa hatataja mwenyewe; ni sisi wa kuuliza, bila kumtisha.

Basi ombi langu ni hili: mgonjwa ambaye presha yake haishuki licha ya dawa, aulizwe kwanza kuhusu vidonge vya mafua na mirungi, kabla hajaongezewa dawa ya tatu.