MAZUNGUMZO: GARI JIPYA LILILOHARIBIKA NDANI LIKIWA SAFARINI



Mwenye gari jipya lililoshushwa Bandari ya Malindi hulizunguka kwa nje akitafuta mikwaruzo, kisha hutia saini. Uharibifu wa ndani humpita: kiti kilichochanika, dashibodi iliyopasuka, zulia lililolowa maji. Nailoni ya viti, ambayo wengine huiacha miezi mingi kwa fahari, ndiyo ifichayo zaidi.

Kanuni za Hati za Shehena zilizotiwa saini Brussels mwaka 1924, ambazo hati nyingi za meli huzifuata, zataka uharibifu unaoonekana uarifiwe kwa maandishi kabla au wakati wa kuondoa shehena. Usioonekana, ndani ya siku 3. Aliyechelewa hakupoteza haki yake, ila jukumu la kuthibitisha kwamba gari liliharibikia melini humwangukia yeye, nalo si jepesi. Shauri lenyewe hufunguliwa ndani ya mwaka 1 tangu kukabidhiwa.

Kwa hiyo nailoni ifunuliwe, zulia liguswe kwa mkono, na kila kasoro iandikwe katika hati ya makabidhiano kabla ya saini. Wakala wa meli akikataa kuiandika, apelekewe barua siku hiyo hiyo, na nakala yake itiwe muhuri wa mapokezi. Gari lisitengenezwe kabla mkaguzi wa bima hajaliona.