Alama ya "Salama" Inathibitisha Nini?



Tumeombwa tuzungumze juu ya alama zinazobandikwa kwenye programu katika maduka ya programu huria. Tutaanza na tukio moja.

Mwezi Februari 2024, mtumiaji mmoja wa Ubuntu alitafuta pochi ya bitcoin katika Snap Store. Akaipata moja yenye jina la Exodus, pochi inayojulikana. Nayo ilionyeshwa dukani kuwa ni salama. Alipoifungua, ikamtaka maneno ya siri ya kurejeshea pochi yake. Akayaandika. Bitcoin zake zipatazo 9, zenye thamani ya takriban dola 490,000, zikahamishwa. Programu ilikuwa ya kughushi.

Je, alama ile ilisema uongo? Hapo ndipo penye utata. "Salama" ilimaanisha kwamba programu imezungushiwa ukuta, haiwezi kujisomea mafaili ya mwenye kompyuta. Hilo lilikuwa kweli. Lakini tapeli hakuhitaji kuvunja ukuta. Alihitaji mahali pa kuulizia swali na intaneti ya kupelekea jibu. Alama ilipima uwezo wa programu, mtumiaji akaisoma kuwa dhamana ya uaminifu wa mtu. Sisi hatumlaumu: neno hilo likisimama peke yake, nani angelisoma vinginevyo?

Flathub wana alama ya uthibitisho, ambayo mtengenezaji huipata akionyesha kwamba tovuti au akaunti inayohusiana na programu ni yake. Alama hiyo hujibu swali la nani, basi. F-Droid, duka la simu za Android, hufuata njia tunayoipenda zaidi: hutaja kasoro waziwazi, kwamba programu ina matangazo, kwamba hufuatilia nyendo za mtumiaji, au kwamba hutegemea huduma isiyo huria.

Kwa programu yoyote inayogusa fedha, anzeni katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, mtazame kama analitaja duka hilo. Maneno ya kurejeshea pochi ndiyo ufunguo wake; ayapataye huzimiliki fedha, na bitcoin zikishahamishwa hakuna benki ya kuzirudisha. Aliyekwisha kuyaandika katika programu anayoitilia shaka afungue pochi mpya kwenye kifaa kingine na kuhamishia fedha zake huko leo hii, ndipo aje kwetu na malalamiko.