Tukishusha Giaboksi, Tubadili Nini?



Leo tunazungumza juu ya klachi. Mpunga wetu wa Bonde la Rukwa unakwenda sokoni kwa gari. Klachi ikiteleza, injini inanguruma lakini gari halivuti. Magunia yanalala njiani.

Kwanza, tusikimbilie kushusha giaboksi. Fundi apime pedeli. Aangalie waya wa klachi, au mafuta yake kama yanavuja. Pengine shida iko hapo tu.

Ikibidi kushusha, tutakuta vitu vitatu: pleti, presha na beringi. Pleti ndiyo inayolika, ikiisha, tuibadili. Beringi nayo tuibadili, hata kama bado inazunguka. Kwa nini? Ikifa baadaye, giaboksi itashushwa tena, na ufundi tutaulipa mara ya pili. Presha tuitazame. Ikiwa imeungua ikawa ya buluu, au imepasuka, au vidole vyake vimelika, haifai tena. Ikiwa nzima, fundi aipime kabla ya kuirudisha.

Je, pleti imelowa oili? Basi kuna sili inayovuja. Tukiweka pleti mpya bila kubadili sili hiyo, tumetupa fedha.

Fundi akisema, "Badili vyote," tusikatae upesi wala tusikubali upesi. Tumwambie, "Fundi, tuonyeshe." Vipuri vya zamani tuvione. Risiti tuisome. Tarehe na bei tuandike daftarini. Fedha hizo ni jasho letu, na kusoma tumejifunza kwa kazi kama hii.