Tope Linapokataa Kutuama: Maelezo kwa Wakazi Kuhusu Maji Taka



Maji ya choo, bafu na jikoni yakifika kwenye mtambo wa kusafisha unaotumia hewa, kazi kubwa hufanywa na bakteria. Njia hii ilielezwa na Edward Ardern na William Lockett mjini Manchester, Uingereza, mwaka wa 1914. Mashine hupuliza hewa majini, bakteria hula uchafu, kisha hushikana na kuwa mabonge madogo ya tope. Katika tangi linalofuata tope hutuama chini, na maji yaliyosafika hutoka juu kuelekea mtoni.

Miongoni mwa bakteria hao wamo wenye umbo la nyuzi. Wakiwa wachache wana faida, kwani hushikilia bonge kama fito zinavyoshikilia udongo wa ukuta. Wakizidi, nyuzi hutokeza nje na kuyatenganisha mabonge. Tope hufura, hukataa kuzama, na hufurika pamoja na maji hadi mtoni. Anayeumia ni yule anayechota maji au kunywesha ng'ombe upande wa chini.

Kulitambua tatizo si vigumu. Fundi hujaza tope katika chombo cha lita 1 na kungoja dakika 30. Baada ya muda huo, ikiwa kila gramu ya tope kavu imechukua nafasi ya zaidi ya mililita 150, hiyo ni dalili mbaya. Hapo hadubini huonyesha nyuzi zenyewe.

Vyanzo ni vingi: hewa kupungua tangini, maji taka kuoza njiani, maji ya viwanda kukosa naitrojeni au fosforasi, na mafuta mengi. Klorini huua nyuzi, lakini ikizidi huua pia bakteria wanaosafisha maji. Isitoshe, chanzo kisipoondolewa, nyuzi hurudi.

Hapo ndipo mkazi anapoingia. Mafuta yanayomwagwa kwenye sinki hulisha baadhi ya bakteria hao, hasa wale wanaoleta povu zito la kahawia. Nyumbani, mafuta yaliyotumika yaachwe yapoe, yatiwe kwenye chombo na kutupwa pamoja na taka. Sufuria ifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Mikahawa isafishe mitego yake ya mafuta mara kwa mara. Viwanda visafishe maji yao kabla ya kuyaachilia kwenye mabomba ya umma.