TUZIHIFADHI MESEJI ZETU
(Maneno ya mwalimu katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi, Dzaleka)



Nimepewa dakika chache, nami nimechagua jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, yaani meseji zilizomo katika simu zetu.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza. Miaka ile habari za nyumbani zilifika kwa barua, kwa mkono wa msafiri au wa Msalaba Mwekundu. Barua ilikaa sandukuni, ikazeeka pamoja na mwenyewe. Sisi tuliokuja baadaye, habari zetu zimekuja kwa herufi 160. Meseji ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nayo ilikuwa salamu ya Krismasi. Zetu si za Krismasi. Mwanzoni mwa 2025, M23 walipoingia Goma, kisha Bukavu, wangapi hapa walikesha wakitazama kioo cha simu?

Mimi nilikuwa na meseji ya mama, aliyoniandikia kutoka Bukavu siku chache kabla ya kufariki. Ilikuwa fupi, haina hata nukta. Simu ikakataa kuingiza chaji, nikapanda minibasi hadi Lilongwe, nikampa fundi. Baada ya saa moja alinirudishia simu nzima, safi, na tupu kabisa. Alidhani amenifanyia wema. Sikumgombeza, kwa maana sikuwa nimemwambia kitu. Leo mimi nasema mama aliandika "usirudi sasa". Mdogo wangu, aliyeisoma pia, anashikilia kwamba ni "urudi sasa". Ni herufi mbili tu, na hatuna pa kutazama.

Ndugu zangu, wengi hudhani meseji zimo ndani ya laini. Mara nyingi zimo ndani ya simu yenyewe; ukihamisha laini, umehama bila mizigo. Laini nayo hubeba chache tu. Simu ndogo ikijaa, meseji mpya hungoja kwenye mtambo wa kampuni kwa muda, kisha hutupwa. Na laini isiyotiwa mayuniti muda mrefu hupewa mtu mwingine.

Basi tufanyeje? Dawa ya kwanza ni daftari. Andika tarehe, saa, namba ya aliyetuma, kisha maneno yenyewe kama yalivyo, pamoja na makosa yake. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kalamu nyekundu, lakini hapa nasema: msisahihishe! Mmoja asome, mwingine aandike, halafu mbadilishane mhakiki. Daftari lifungwe ndani ya plastiki, liwekwe juu. Mchwa wa hapa mnawafahamu.

Mwenye jirani mwenye simu ya kamera amwombe apige picha ya kioo, namba na tarehe zionekane. Mwenye simu kubwa ya Android anaweza kutumia programu ya bure iitwayo SMS Backup & Restore, inayokusanya meseji zote katika faili moja. Faili hilo ulitume kwenye barua pepe yako au kwa ndugu unayemwamini. Likibaki ndani ya simu ileile, simu ikiibwa limekwenda nalo.

Anzeni na zile za ofisi zinazotaja siku ya kuitwa, na za fedha za Mpamba na Airtel Money, maana ndizo ushahidi mtu akikana. Namba ya siri isiandikwe daftarini kamwe.

Jumamosi saa nane mchana nitakuwa darasani. Njooni na daftari, kalamu na simu yenye chaji. Wasiojua kuandika wataandikiwa na wanafunzi wangu wa darasa la nane, nao wameagizwa wasimwambie mtu yeyote walichosoma. Mdogo wangu naye atakuwapo, lakini msimwulize habari za ile meseji.