Ajali ya Shambani Nayo ni Ajali ya Kazi



Mchele wa Kyela husifiwa nchini kote kwa harufu yake na utamu wake. Lakini kabla wali haujafika mezani, mpunga hauna budi kutolewa shambani. Kazi hiyo, ambayo zamani ilitegemea vichwa vya akina mama, baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe, leo hufanywa pia na vijana wanaoendesha bajaji na guta za injini. Vijana hao wakiumia barabarani, askari wa usalama huja, hupima na kuandika. Wakiumia shambani, aghalabu hapana aandikaye.

Wako wanaodhani kwamba magurudumu matatu ni salama kuliko mawili. Lami huuficha udhaifu wake, shamba huufichua. Njia za Mbugani na za bonde zima, kutoka mto Songwe hadi mto Mbaka, hupitiwa na matrekta na mikokoteni, ambayo huacha mifereji miwili na tuta katikati. Gari la magurudumu manne huingiza matairi yake katika mifereji hiyo likapita. Bajaji haiwezi. Gurudumu lake la mbele likipanda tuta, huteleza. Likishuka mferejini, gurudumu moja la nyuma hupanda tuta, na chombo kizima huinama. Nayo masika ya Kyela, wilaya ipatayo zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, huendelea hadi Mei, wakati mavuno yanapoanza. Hivyo mzigo mzito na tope hukutana.

Hapo ndipo trekta hutokea kwenye kona, au ng'ombe hukatiza njia, au kisiki hujificha majanini. Dereva ameketi mbele, hana mkanda wala mlango, na usukani u karibu na kifua chake. Chombo kikigonga, kifua hukutana na usukani, na magoti hukutana na bati. Kikipinduka, yeye hunyosha mguu ili akizuie, nacho huulalia mguu huo. Katika guta, magunia ya lumbesa yasiyofungwa vema humfuata mgongoni.

Madhara hayaishii hapo. Majeruhi hushikwa makwapani na miguuni, akapakiwa kwenye pikipiki huku mguu uliovunjika ukining'inia. Mfupa uliokuwa ndani ya nyama huweza kutoboa ngozi, na uti wa mgongo uliopata ufa huweza kukatika njiani.

Na baada ya matibabu? Bima ya lazima ya vyombo vya moto humlinda mtu wa tatu. Dereva mwenyewe haimhusu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na Sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, humfidia mwajiriwa anayeumia kazini. Lakini kijana anayempelekea tajiri hesabu kila jioni, bila karatasi yoyote ya ajira, atauthibitishaje uajiriwa wake? Chombo kikiharibika, tajiri hudai. Mguu ukiharibika, kijana hana wa kumdai. Huo si uhusiano wa haki katika nchi iliyojifunza kwamba kila mtu ana haki ya kufaidi jasho lake.

Kwa hiyo, ndugu, wajibu ni bayana. Mtendaji wa kijiji na aandike kila ajali ya chombo cha moto, hata ikitokea katikati ya jaruba, kwani jambo lisiloandikwa halipangiwi fedha. Afisa kazi na awahimize wenye vyombo kuandikiana mikataba na madereva wao. Serikali ya kijiji na iwaite wakulima kabla ya mavuno, wafukie mifereji na kung'oa visiki. Mwalimu naye na afundishe huduma ya kwanza: kubana jeraha linalovuja damu, kuufunga mguu kwa mbao mbili zilizonyooka, na kumbeba majeruhi juu ya ubao au mlango bila kumkunja. Mtoto akijua hayo, huenda siku moja akauokoa mguu wa kaka yake.

Mpunga hauvunwi barabarani. Anayeumia akiutoa shambani ameumia kazini, naye anastahili kuhesabiwa.